Mbao Juu ya Jiko la Mama Kulwa

Siku hizi kijana akija kuniuliza habari za mbao, kitu cha kwanza anachonyoosha ni simu. Shikamoo haijafika mwisho, tayari kidole kinasukuma picha: kitanda kimepigwa vanishi mpaka kinang'aa, shuka jeupe juu yake, na ua kando. Mzee, nataka nijitengenezee mwenyewe hiki nyumbani, ninunue mbao gani? Namjibu kwamba kwenye picha mbao zote ni nzuri. Hukasirika. Basi nimeona niandike, ili anayetaka kukasirika akakasirikie kwao.

Nimefanya useremala hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, tangu nikiwa na nywele kichwani mpaka vidole vikagoma kuufumbata mpini wa randa. Sasa nimestaafu, kama fundi anaweza kustaafu. Hakuna aliyeniaga wala aliyenipa saa ya ukutani. Nimebaki na kifua kilichojaa vumbi la mninga na uchungu ambao mtaukuta humu humu kati ya maelezo ya randa na msumeno. Anayetaka maelezo matupu akaulize simu yake.

Tuanze na mninga, maana ukiwa Tabora ukaanza na mti mwingine watu watauliza wewe ni wa wapi. Mninga una nyama mbili. Ya nje ni nyeupe yenye unjano kidogo. Ya ndani ni kahawia, ina michirizi myekundu. Ukiukata ukiwa mbichi unatoa utomvu mwekundu, na ukirudi nyumbani shati limetapakaa, mkeo ataona umetoka kuua mtu. Ile nyama nyeupe ni chakula cha bungua, wale wadudu wanaotoboa ubao na kuacha unga sakafuni. Ikate uitupe. Najua inauma kutupa ulichonunua. Usipoitupa wewe bungua watakusaidia, na wao hawana adabu ya kuanza na upande usioonekana.

Huko kwenye maduka ya mbao kuna ujanja. Miti mikubwa imekwisha, wanaleta mininga michanga ambayo karibu yote ni nyeupe. Muuzaji anaipaka rangi au mafuta machafu ya gari, anaianika, jioni anakuambia huo ni mninga wa Uyui wa zamani. Usibishane naye. Toa kisu ukwangue kona moja. Akikukataza kukwangua umeshapata jibu, muage uende zako.

Kisha inua mbao mbili za ukubwa mmoja. Ulio mzito zaidi umebeba maji, na maji hayo utayanunua kama mbao, halafu yatakimbia yakuachie nyufa. Gonga kwa kifundo cha kidole: ubao mkavu unalia, mbichi unanung'unika. Uweke jichoni kama mtu anayelenga bunduki uone ukingo wake unakwendaje. Na mwisho uweke shavuni. Hili la shavu nilifundishwa na Mzee Lugata, fundi aliyenilea kwenye karakana ya misheni. Ubao mbichi ni baridi shavuni hata jua likiwa la utosi. Tulikuwa tunapita kwenye mbao zote, shavu kwa shavu, wapita njia wanatucheka. Mzee Lugata alikuwa akisema mwenye kucheka leo ataleta mlango wake urekebishwe mvua zikianza.

Kiti changu cha kwanza nilikitengeneza kwa mkaratusi uliokatwa juzi yake, kwa sababu ulikuwa karibu na mimi nilikuwa na haraka. Nilimpelekea mama yangu. Kiangazi kilipofika mguu mmoja ulikuwa umejiinua kama wa mbwa aliyeona mti. Mama alikitia kipande cha kigae chini akaendelea kukikalia mpaka alipofariki, na kila aliyekuja kumtembelea alionyeshwa kigae kabla ya kuonyeshwa kiti. Mkaratusi unafaa kwa nguzo na kuni. Usiulete ndani.

Paini kutoka Iringa si mbaya, msinielewe vibaya. Ni nyepesi, haisumbui msumeno, inafaa rafu na meza ya mtoto. Lakini ina mafundo, na fundo likikauka linadondoka likuachie tundu. Na zile mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, zinazokuja zimebandikwa picha ya mbao juu, mimi siziiti mbao. Jirani yangu muuza duka alinunua kabati la namna hiyo, mtungi ukapasuka kando yake, asubuhi kabati limeumuka kama andazi. Aliniita nikamtengenezee. Nilimwambia atafute mpishi.

Sasa kukausha. Hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo nilipopatia donda langu.

Ukipata mbao mbichi nzuri, zipange zikiwa zimelala, kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Vichwa vya ubao, huku na huku, vipake nta ya nyuki. Sisi ni watu wa asali, nta haijawahi kutupungukia. Maji hutoka haraka zaidi kupitia vichwani, na yakitoka haraka ubao unapasuka kuanzia huko. Kwa mbao unazozitaka kwa kitu cha maana, zipandishe juu ya jiko la kuni, pale darini moshi unapopita. Moshi hauna haraka. Unakausha kidogo kidogo, na bungua hawaupendi. Mzee Lugata alisema mbao za moshi huzishushi mpaka wapishi wamezisahau.

Juu ya jiko la mke wangu, Mama Kulwa, zilikuwako mbao za namna hiyo. Zilitoka kwenye mninga mkubwa ulioangushwa na upepo kwenye shamba la kaka yake, upande wa Igalula. Tulichukua kibali kwa serikali ya kijiji, na aliyeupasua ni Shomari.

Shomari ni Mzaramo wa Kisarawe aliyeifuata reli mpaka huku, akaoa, akazeekea hapa. Na mimi ni Mnyamwezi. Kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe kutoka huku mpaka pwani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Anaweza kuingia kwako akachukua kitu akaondoka nacho, nawe hudai. Ukidai, ukikunja uso, umevunja utani, na mvunja utani hata watoto humzomea. Dawa ni moja tu, nawe uende kwake ukachukue.

Enzi zile hatukuwa na misumeno ya injini. Gogo linawekwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu, mwingine chini, mnavuta msumeno mrefu mpaka ubao unatoka. Wa chini unga wote ni wake, machoni na kinywani. Shomari hakukubali hata siku moja kusimama chini. Alisema babu zangu walibeba pembe za tembo mpaka baharini, kwa hiyo mimi unga kidogo hautaniua. Nilimjibu kwamba babu zake walikaa pwani wakingoja kula tulichobeba. Tulivuta hivyo, tunatukanana na kucheka, na mbao zikatoka zimenyooka kuliko zinazotoka leo kwa mashine. Msumeno wa injini unakula gogo. Unene wa kidole unakwenda na unga. Lakini nani ana mgongo wa kusimama shimoni siku hizi.

Mbao zile nilimwambia mke wangu ni za kitanda chake. Mnajua seremala mwenyewe anavyolala. Vitanda vyangu vimelaliwa na maharusi wa mji huu, na sisi tulikuwa kwenye kitanda cha kamba alichokuja nacho kutoka kwao. Kila nilipotaka kuanza, mbao hazijakauka, au kuna mteja ana harusi. Alikuwa akipika chini ya kitanda chake, anacheka, anasema kinakula moshi kuliko yeye. Baadaye mgongo ukaanza kumsumbua. Daktari akamwambia aache kitanda cha kamba, alale kwenye kitu kilichonyooka na kigumu. Akahamia kwenye mkeka sakafuni, na kila asubuhi ilikuwa kazi kumwinua. Nikapanda darini, nikagonga mbao. Zililia vizuri. Niliweka shavu, zilikuwa za uvuguvugu. Nikamwambia nikirudi kutoka Igalula, nilikokuwa na milango ya kufunga, naanza.

Hapa inabidi niwaambie habari ya mbuzi, la sivyo mtamwona Shomari mwizi. Kabla ya hapo, Idi ya kuchinja ilipokaribia, nilikuwa nimekwenda kwake nikamfungua mbuzi wake wa Idi mchana kweupe, nikamla na marafiki zangu, nikampelekea ngozi. Alicheka mpaka akakaa chini. Mji mzima ulikisimulia kisa hicho. Kwa hiyo nilikuwa nadaiwa, kwa hesabu za watani, na wote tulijua kisasi kiko njiani.

Niliporudi kutoka Igalula dari lilikuwa tupu. Pale zilipokuwa mbao palikuwa na nazi moja. Mama Kulwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, hajapika. Akanieleza kwamba Shomari alikuja na guta la mizigo na watu wawili, akapanda darini anaimba, akashusha mbao zote, na alipotoka akamwambia ampe salamu mumewe kwamba leo mzigo wa Mnyamwezi umebebwa na Mzaramo. Mke wangu alipojaribu kumweleza kuwa ni za kitanda, walikuwa wanacheka wote, na majirani wamejaa uani wanacheka, akaona atachekwa na yeye. Akanyamaza.

Akaniambia, "Baba Kulwa, nenda kazichukue."

Nikamwambia mtani hadaiwi. Watu watanionaje, nimekula mbuzi wa mtu halafu nalilia mbao.

"Hao watu," akasema, "hawalali na mimi sakafuni."

Sikwenda. Sisemi nilikosea. Ninyi mnaoishi bila kujuana hata na wa mlango wa pili mnaweza kusema ningekwenda tu nikaeleza, watu wazima wazungumze. Mimi nililelewa kwamba utani ndio uliotuwezesha kulala salama nyumbani kwa wageni, na hauvunjwi kwa mbao. Jioni ile nilikwenda kijiweni, Shomari akanipokea kwa kelele, nikacheka. Nilicheka vizuri sana. Mke wangu aliikuna ile nazi akapikia wali, tukala.

Shomari alikuwa akijenga nyumba. Zile mbao zikawa mlango wake wa mbele. Sikuingia kwenye nyumba ile kwa muda mrefu, nikipita nilitazama upande wa pili wa njia.

Nikatafuta mninga mwingine. Nilikwenda mpaka Isikizya kwa mtu niliyesikia anao, nikakuta vijiti. Malori yalikuwa yameshabeba miti ya maana kwenda wanakojua wao, na tuliobaki tuliambiwa tutunze misitu. Misitu ipi? Watu waliokata si sisi, watu wanaofundishwa kutokata ndio sisi. Hilo nalo limo kifuani pamoja na vumbi.

Mwisho nilinunua mbao nilizozipata. Niliziweka shavuni hapo hapo dukani, zilikuwa baridi kama kisima. Nilijua. Lakini mgongo haungoji moshi. Mama Kulwa alikuwa ameanza kuvimba miguu, sasa ni figo, na mtu wa figo humlazi sakafuni. Nikatengeneza kitanda kwa mbao mbichi, mimi niliyewafukuza wanafunzi kwa kosa hilo.

Siku za kwanza kilikuwa kizuri. Alikipapasa, akasema kumbe ndivyo wanavyolala wateja wako. Kisha mbao zikaanza kukauka chini yake. Niwaeleze kinachotokea, maana ni somo: ulimi wa ubao ulioingia kwenye tundu lake unanyauka, unapungua, tundu linabaki na nafasi, na kiungo kinaanza kucheza. Kikicheza kinalia. Mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, ikapinda, chaga zinazobeba godoro zikawa hazikai sawa. Niligonga kabari, nikatia gundi, nikafunga skrubu, nikaufunga upande mmoja kwa waya kama mfungwa. Kiungo kilichotengenezwa kibichi hakiponi. Unaweza kukinyamazisha wiki, kinarudi.

Na yeye akawa hageuki. Nilidhani ni maumivu. Nilipomuuliza akasema akigeuka kinalia, na kikilia mimi naamka, na mimi nina kazi kesho. Analala ubavu mmoja mpaka unakufa ganzi ili fundi apate usingizi. Nilikasirika, nikampigia kelele mgonjwa, nikamwambia ageuke anavyotaka.

Sisemi kitanda kilimuua. Nasema alikufa juu yake.

Kwenye msiba, watani ndio wenye kazi ya kuwafanya wafiwa wasife na wao. Shomari alikuja mapema kuliko wote, akachimba kaburi na vijana, akaja akavaa kanga ya marehemu, akaiga anavyotembea, anavyoniita, anavyonikatalia chumvi. Wanangu walilia na kucheka pamoja. Vitanda vilikuwa vimetolewa nje ili chumba kitandikwe mikeka. Shomari akakiona kile, akajitupa juu yake. Kikalia kwa sauti ambayo niliijua kuliko sauti ya mtoto wangu. Akaruka, akashika kichwa, akawauliza waombolezaji ni fundi gani huyu, kitanda chake kinalia kuliko wafiwa.

Turubai zima lilicheka. Jumuiya ya kanisani ilicheka, katekista alicheka. Nami nilicheka, kwa sababu macho yote yalikuwa kwangu, na mila ni mila. Nilihisi kitu kikivunjika hapa chini ya mbavu na sijakipata tena.

Tulipomaliza matanga nilichukua bisibisi nikaenda kwa Shomari mchana. Alikuwa barazani anakunywa kahawa na wenzake. Sikumsalimia. Nikaanza kufungua bawaba za mlango wake. Waliokuwapo wakashangilia, wakasema leo Mnyamwezi amelipiza, na Shomari akapiga makofi akiniita mpagazi. Mlango ulikuwa mzito. Niliutoa, nikausimamisha ukutani, nikaweka shavu langu juu yake mbele yao wote. Nilikaa hivyo, nadhani nilikaa sana, kwa sababu kicheko kilipungua kikaisha.

Shomari akaja karibu. Akaninong'oneza, "Mtani, zilikuwa za nini?"

"Kitanda cha Mama Kulwa."

Kahawa ilikuwa bado mkononi mwake, naye akawa anaitazama. "Ungeniambia," akasema. "Wallahi ningezirudisha siku ile ile."

Nikamwambia, "Ungeuliza."

Mtani hasemi, na mtani haulizi. Alinisaidia kuuinua mlango, akashika upande mmoja nami mwingine, tukaubeba mpaka kwangu katikati ya barabara bila tusi hata moja. Watoto walitufuata kidogo wakitegemea mchezo, wakachoka. Tuliulaza chumbani, akaniaga. Tunasalimiana siku hizi. Shikamoo hatupeani, tu wa rika moja. Tunasema habari za asubuhi kama watu wa benki.

Basi kijana, umeuliza mbao gani. Nunua mninga mkavu. Kwangua, gonga, inua, weka shavuni. Ukiupata mbichi, upake nta vichwani, upandishe penye moshi. Na ukishakauka usingoje mteja mwenye harusi wala usiende Igalula. Anza siku hiyo hiyo, na mweleze kila mpita njia ni kwa ajili ya nani, hata kama watacheka.

Ule mlango niliufungua, nikatoa mbao zake moja moja, nikazichunguza kwa jicho ukingoni. Miaka yote ile kwenye jua na mvua za nyumba ya Shomari, hazikupinda, hazikupasuka, bungua hawajazigusa. Nimezipima. Zinatosha kitanda cha mtu mmoja.